“Borrow” au “lend”? Namna ya kutenganisha maneno ya Kiingereza yanayokaribiana

Mtu aliyesoma Kiingereza miaka kumi na zaidi bado anaweza kusema “borrow me your pen”. Si kwamba hajui maana ya “borrow”. Anaijua vizuri: ni kuazima. Shida ni kwamba kuazima kwetu kunakwenda pande zote mbili. Nimeazima jembe kwa jirani, na jirani kaniazima jembe. Kitenzi ni kilekile, kinachobadilika ni nani katoa na nani kapokea. Kiingereza kimelikata tendo hilo vipande viwili na kila kipande kimepewa jina lake. Anayesema “borrow me” amefikiri kwa usahihi kabisa kwa Kiswahili, kisha akachukua kipande kisicho chake.

Makosa mengi ya maneno yanayokaribiana huzaliwa hivyo, na ndiyo maana kukariri maana hakuyaponyi. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili itakuandikia “azima” mbele ya maneno yote mawili, na utaifunga ukiwa palepale ulipokuwa. Kinachosaidia ni kutafuta swali moja linaloyatenganisha. Na habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya tofauti hizi Kiswahili chenyewe kinazo, ila kimeziweka mahali pengine: kwenye mnyambuliko wa vitenzi, au kwenye neno la pili ambalo hatulitumii sana.

Anza na Kiswahili, si na Kiingereza

Chukua neno la Kiswahili linalokusumbua ukiwa unaandika Kiingereza. Andika sentensi nne au tano zenye neno hilo, zile unazozisema kweli nyumbani, dukani au kazini. Sentensi za vitabuni kama “Juma anapenda shule” hazifai, maana zimetungwa ili zisisumbue. Kisha ziulize sentensi zako maswali haya:

1. Neno linafuatwa na mtu au na kitu?
2. Tendo linaelekea wapi: kwa anayesema, au kwa mwingine?
3. Kinyume chake ni neno gani?
4. Jambo linaendelea kwa muda, au linatokea mara moja?

Kwa kawaida swali moja tu ndilo linalofungua jozi husika. Ukishalipata, liandike kando ya jozi hiyo. Ndilo utakalolikumbuka ukiwa kwenye mtihani au mbele ya mtu, kwa kuwa maelezo ya kurasa mbili hayakumbukwi.

Kutoa na kupokea

Turudi kwenye kuazima. Hatuna haja ya kutunga kanuni mpya, kwa sababu kukopa na kukopesha vinafanya kazi ileile ya “borrow” na “lend”, na hakuna Mswahili anayevichanganya. Kwa hiyo kila unapotaka kusema kuazima kwa Kiingereza, pitia kwanza kwenye kukopa. “Niazime kalamu”: hapa ningesema nikope au nikopeshe? Nikopeshe. Basi ni “lend me your pen”. “Nimeiazima kwa Asha”: nimeikopa. Basi ni “I borrowed it from Asha”. Angalia pia vile vineno vidogo vinavyofuata: “borrow” huvuta “from”, “lend” huvuta “to” au humtaja mtu moja kwa moja. Ukijikuta umeandika “me” mara tu baada ya “borrow”, futa. Wamarekani hutumia pia “loan” kama kitenzi, hasa kwa fedha, na kwao si kosa.

Jambo jingine dogo: “borrow” ni kwa kitu unachokichukua na kuondoka nacho. Choo cha mwenyeji wako hukiazimi. Unauliza “Can I use your toilet?”

Mnyambuliko huohuo unatatua jozi nyingine kadhaa. Kupanga nyumba ni “rent”, na kupangisha ni “let”, lile neno lililo kwenye mabango ya “To Let” mbele ya majengo ya Nairobi. Kukodi gari au ukumbi kwa siku chache Waingereza huita “hire”, Wamarekani huita “rent”. Kujifunza ni “learn”, kufundisha ni “teach”. Kukumbuka ni “remember”, kukumbusha ni “remind”, kwa hiyo “remember me to pay the bill” haimaanishi unikumbushe kulipa.

Na kuna kuchoka na kuchosha. Kiingereza huweka tofauti hii mwishoni mwa sifa: anayepatwa na hali hupewa “-ed”, kinachosababisha hali hupewa “-ing”. Nimechoka, “I am tired”. Kazi inachosha, “the work is tiring”. Ukisema “I am boring” hukusema kwamba umechoshwa na kikao. Umejitangaza kuwa wewe ndiye unayewachosha watu. Kabla ya kuandika “interested” au “interesting”, “confused” au “confusing”, jiulize kama ungetumia choka au chosha mahali hapo. Jibu linakuja lenyewe.

Kilichoibwa na aliyeibiwa

“Steal” na “rob” zinatenganishwa na swali la kwanza, na hapa Kiswahili kina usahihi wa kupendeza. Kuiba hufuatwa na kitu: ameiba simu. Kuibia, kauli ya kutendea, humleta mtu: ameniibia. “Steal” ni kuiba, hufuatwa na kitu kilichochukuliwa. “Rob” huelekea upande wa kuibia, hufuatwa na mtu au mahali palipoibiwa, kama benki au duka. “They stole my phone”, lakini “they robbed me”. Kusema “they robbed my phone” ni sawa na kusema simu ndiyo iliyonyang’anywa mali zake.

Ila “rob” ina uzito ambao kuibia haina, na uzito huo ukiukosea kwenye maelezo ya polisi au madai ya bima unaweza kukuletea maswali. Katika sheria za Uingereza, Kenya na Tanzania, “robbery” ni wizi ulioambatana na nguvu au vitisho. Magazeti ya Tanzania huuita unyang’anyi, na ya Kenya huandika wizi wa mabavu. Simu iliyochomolewa mfukoni kwenye daladala bila wewe kujua si “robbery”. Hiyo ni “theft”, na sentensi yake ni “my phone was stolen”. Aliyekushikia kisu ndiye “robber”.

Wizi wa kuvunja nyumba una majina yake. Kwa sheria za Kenya na Tanzania, kuvunja na kuingia katika nyumba ya kuishi kwa nia ya kutenda kosa humo huitwa “housebreaking”, na likifanyika usiku huitwa “burglary”. Huko England tofauti ya usiku na mchana haipo tena, yote ni “burglary”. Anayetafsiri hati za mahakama asiyachukue maneno haya mawili kama pacha.

Neno linafuatwa na nani?

Swali hilohilo la kwanza linafungua kundi zima la vitenzi, na mpira wa miguu ndio mwalimu wake bora. “Simba won Yanga” ni sentensi inayosikika sana, na inatoka moja kwa moja kwenye “Simba imeishinda Yanga”. Kushinda kwetu kunakubali mechi na kunakubali mpinzani. Kiingereza kinatenganisha: “win” hufuatwa na kile unachokitwaa au unachokishindania, yaani mechi, kombe, kesi, uchaguzi au zawadi, na “beat” hufuatwa na uliyemshinda. “Simba won the match.” “Simba beat Yanga.” “Defeat” ni “beat” iliyovaa suti, ya vita, siasa na habari rasmi. Kufunga nako kuna mtego wake: “they scored us” haipo. Wametufunga bao moja ni “they scored one goal against us”, na wametufunga kwa maana ya kutushinda ni “they beat us”.

Kusema na kuambia ni jozi rahisi kuliko inavyodhaniwa. Kuambia hakukai bila mtu: nimwambie, waliniambia, tuambiane. “Tell” ina tabia hiyo. Kusema kunaweza kukaa peke yake, na “say” vilevile. Alisema amechoka, “she said she was tired”. Aliniambia amechoka, “she told me she was tired”. “She said me” ni sawa na “alinisema”, na kwa Kiswahili alinisema ni jambo jingine kabisa, la kusengenya au kukaripia. Yapo machache yanayotumia “tell” bila mtu, nayo ni ya kukariri tu: “tell the truth”, “tell a lie”, “tell a story”, “tell the time”, “tell the difference”.

Kuuliza ni “ask”, kuomba kitu ni “ask for”. Kineno “for” ndicho kinachogeuza swali kuwa ombi. “He asked my number” aliuliza ni ipi, “he asked for my number” aliomba apewe. Kuomba kazi au chuo kwa barua na fomu ni “apply for”, kuomba Mungu ni “pray”, kuomba barabarani ni “beg”. Na hapa kuna kosa la maofisini linalostahili kusimamishwa: “I request for two days’ leave”. “Request” ikiwa kitenzi haitaki “for”, kwa kuwa tayari ina kuomba ndani yake. Ikiwa nomino ndipo inaitaka. Kwa hiyo “I request two days’ leave”, lakini “my request for leave”. “Demand” inafuata mkondo huohuo. “Discuss about” nayo ni ya kufuta, kama ambavyo Kiswahili safi ni tulijadili bajeti.

Jaribu kinyume chake

Sifa hazifuatwi na mtu wala kitu kwa namna ya vitenzi, kwa hiyo swali la kwanza linazishindwa. Dawa yake ni kinyume. Chukua “-refu”. Mtu mrefu, barabara ndefu, mlima mrefu, kisima kirefu: Kiswahili kimeridhika na neno moja, Kiingereza kina manne. Uliza kinyume cha kila kimoja. Kisima kisicho kirefu maji yake yako karibu, “shallow”, basi kirefu ni “deep”. Rafu iliyo karibu na sakafu ni “low”, basi ile usiyoifikia ni “high”. Mtu na barabara vyote kinyume chake ni “short”, na hapo unaongeza swali dogo: kimesimama au kimelala? Kilichosimama ni “tall”, kilicholala ni “long”.

Kati ya “tall” na “high” ndipo wengi wanapokwama. “Tall” hupima kitu chenyewe, kutoka nyayo zake hadi utosi wake, na hupenda vitu vyembamba vilivyosimama: mtu, mti, mnara, jengo. “High” hupima umbali kutoka chini, au usawa wa bahari. “A tall window” ni dirisha lenyewe refu, huenda linaanzia sakafuni. “A high window” ni dirisha lililowekwa juu, hata kama ni dogo kama la bafuni. Ndiyo maana Burj Khalifa ya Dubai, mita 828, ni “the tallest building in the world”, na Kilimanjaro, mita 5,895, ni “the highest mountain in Africa”. Everest ni “the highest” duniani kwa mita zake 8,849 juu ya usawa wa bahari. Lakini Mauna Kea wa Hawaii, ambao kilele chake hakifiki hata mita 4,300 juu ya bahari, huitwa “the tallest”, kwa kuwa ukiupima tangu kitako chake kilichozama baharini unapita mita 10,000. Sentensi zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja, kwa sababu ya neno moja tu.

Kinyume kinatatua pia “-embamba”. Kinyume cha njia nyembamba ni pana, basi ni “narrow”. Kinyume cha karatasi nyembamba ni nene, basi ni “thin”. “-nene” kwa kitu ni “thick”, kwa mtu ni “fat”, ingawa hilo la mwisho usilitamke mbele ya mwenyewe. Kwa Kiingereza halina ule upole ambao unene huwa nao katika baadhi ya familia zetu.

Neno “kali” limekataa maswali yote. Kisu kikali ni “sharp”, mbwa mkali “fierce”, mwalimu mkali “strict”, pilipili kali “hot”, dawa kali “strong”, adhabu kali “severe”. Usitafute kanuni. Jifunze kila moja pamoja na nomino yake, kama mtu na mkewe. Mvua kubwa nayo ni ya kundi hili: ni “heavy rain”, na “big rain” haitumiki.

Wakati: mahali ambapo neno dogo linakukosesha nafasi

Mpaka na hadi vinatafsiriwa haraka kuwa “until”, na mtu anaandika “I will finish the report until Friday”. Tumia swali la nne. “Until” ni ya jambo linaloendelea bila kukatika mpaka wakati huo ufike: “the office is open until 4 p.m.” Jambo linalotokea mara moja, kama kumaliza, kulipa, kuwasilisha au kufika, linataka “by”. Kiswahili kina neno lake kamili: ifikapo. Rudisha fomu ifikapo tarehe 30 Juni, “return the form by 30 June”. Jaribu kuweka ifikapo kwenye sentensi yako. Ikikaa vizuri, andika “by”.

Jozi nyingine ya hatari ni “in” na “within”. “In 14 days” ni baada ya siku 14, siku ya kumi na nne ndiyo inayotajwa. “Within 14 days” ni ndani ya siku 14, siku yoyote kabla hazijaisha. Mkataba unaosema mpangaji atalipa “within 14 days” haumsubirishi hadi siku ya mwisho. Anayetafsiri mikataba aliandike hili kwa wino mwekundu.

Tangu ni “since”, na hufuatwa na nukta ya mwanzo: mwaka 2019, Jumatatu, utoto. Muda mzima hupewa “for”: “for three years”. “Since three years” hutoka kwenye “tangu miaka mitatu iliyopita”, ambayo kwa Kiswahili ni halali kwa sababu ya lile neno iliyopita.

Bado ni neno zuri linalobeba mengi. Umekula? Bado: “not yet”. Bado anakula: “he is still eating”. Bado hajaja inaweza kwenda njia mbili, na tofauti yake ni ya moyo wa msemaji. “He hasn’t come yet” ni taarifa tu, bila haraka. “He still hasn’t come” ina subira iliyokwisha. Kwenye barua ya kikazi, “you still haven’t replied” ni lawama. Ukitaka kukumbusha kwa adabu, tumia “yet”.

Saa inatosha kuitaja kwa kifupi. Inayovaliwa ni “watch”, ya ukutani ni “clock”, muda wa dakika 60 ni “hour”, na “o’clock” hutumika kwa saa kamili tu. Saa mbili asubuhi ni “eight o’clock”, muda wa saa mbili ni “two hours”. Unapopanga kikao na mgeni, andika wakati kwa tarakimu.

Si lazima na marufuku

Katika jozi zote za mwongozo huu, hii ndiyo inayogeuza maana juu chini. Lazima ni “must”. Si ni “not”. Basi si lazima inaonekana ni “must not”. Sivyo hata kidogo. “You must not pay” ni usilipe, ni marufuku. Si lazima ulipe ni “you don’t have to pay”, yaani hiari ni yako. Muuguzi anayemwambia mgonjwa “you must not take this tablet” akikusudia kwamba si lazima aimeze, amemkataza dawa. Kipimo ni rahisi: geuza sentensi yako iwe na “usi-”. Kama maana imebaki ileile, ni “must not”. Kama maana imeharibika, ni “don’t have to”.

Kuna kineno kingine cha herufi moja kinachofanya mageuzi karibu makubwa hivyo. “A few people came” ni walikuja watu kadhaa, na msemaji ameridhika. “Few people came” ni watu wachache tu ndio waliokuja, na msemaji amesikitika. “A little” na “little” vivyo hivyo kwa vitu visivyohesabika, kama maji, muda na fedha. Barua ya kuomba msaada ikisema “we have a little money”, msomaji ataelewa kwamba fedha zipo.

Mwili, hisia na pole

Kusikia kunabeba karibu kila hisia. Nasikia sauti ni “I can hear a voice”. Nasikia harufu ni “I can smell something”. Nasikia baridi ni “I feel cold”, nasikia njaa ni “I’m hungry”. Anasikia Kifaransa, kwa wanaosema hivyo, ni “she understands French”. “Hear” ni ya sikio peke yake, na kusikiliza ni “listen to”. Vivyo hivyo kuona ni “see”, kutazama ni “look at” kama kitu kimetulia, na “watch” kama kinakwenda au kinabadilika: mechi, sinema, mtoto anayecheza karibu na kisima.

Hospitalini, mkono na mguu havitoshi. Kutoka begani hadi kwenye kifundo ni “arm”, kutoka kifundoni kwenda vidoleni ni “hand”. Juu ya kifundo cha mguu ni “leg”, chini yake ni “foot”. Vidole vya mguu ni “toes”, si “fingers”. Kwa Mwingereza “I was sick last night” kwa kawaida ni nilitapika. Kama uliugua tu, sema “I was ill”. Kwa Mmarekani “sick” ni kuumwa kwa ujumla.

Pole haina mwenzake kamili, na inaumiza kidogo, maana ni neno letu la utu. Ukimwambia “sorry” mgeni aliyejikwaa, anaweza kukujibu kwamba hilo si kosa lako, kwa kuwa amesikia samahani. Mtu aliyefiwa au kupata hasara mwambie “I’m so sorry to hear that”. Maneno “to hear that” ndiyo yanayoifanya kuwa pole. Aliyejikwaa mwulize “Are you all right?” Mtu anayechapa kazi jua likiwaka, ambaye kwetu angepata pole na kazi, Kiingereza hakina la kumpa. Usilazimishe tafsiri.

Nimekukumbuka, kwa maana ya hamu, ni “I miss you”. “I have remembered you” itamfanya ajiulize kama ulikuwa umemsahau. Kusahau nako kuangalie: ukitaja mahali, tumia “leave”. “I forgot my bag” ni sawa, lakini begi nililolisahau kwenye basi ni “I left my bag on the bus”. Na lile nakuja tunalolisema tukiwa tunaondoka ni “I’ll be right back”. “I’m coming” huku unatoka mlangoni humwacha mgeni ameduwaa.

Safari yenyewe imehamia Kiingereza tangu karne ya 19, lakini huko imebaki na wanyama pori tu. Ukisema unakwenda “on safari” Mwanza, watakuuliza habari za simba. Kwenda na kurudi kwa shughuli fulani ni “trip”. Mwendo wenyewe, hasa mrefu, ni “journey”. “Travel” ni kusafiri kwa ujumla, na haihesabiwi: “a travel” haipo, kama “a work” kwa maana ya ajira haipo. Kazi ya mshahara ni “a job”.

Sifa au lawama

Maneno mengine yana maana moja na nia tofauti. Mwembamba anayesifiwa ni “slim”, anayesemwa kama kimbaumbau ni “skinny”, na “thin” iko katikati, ikielekea kidogo upande wa huruma. Anayetaka kujua mambo ni “curious” kama ni mdadisi, “nosy” kama ni mdaku. Maarufu kwa mema ni “famous”, kwa mabaya ni “notorious”. Zawadi ya bei nafuu usiiite “cheap” mbele ya aliyeitoa, kwa sababu “cheap” hugusa ubora pia. “Inexpensive” hugusa bei tu. Kiswahili chenyewe kinaona tofauti ya bei nafuu na kitu hafifu, kwa hiyo jipime hapo.

Kuhakiki na kuhifadhi

Ukishakisia jibu, lithibitishe kwenye kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza, kama za Oxford, Cambridge na Longman ambazo zinapatikana bure mtandaoni. Usisome maana peke yake. Soma mifano, na uangalie neno linafuatwa na nini katika mifano mitatu ya kwanza. Kisha, kama bado una shaka, fungua hazina ya matini (“corpus”), yaani mkusanyo mkubwa wa Kiingereza kilichotumiwa kweli, ambao unaweza kutafuta neno ndani yake mtandaoni. COCA (Corpus of Contemporary American English), ya Kiingereza cha Marekani, ina zaidi ya maneno bilioni moja. British National Corpus ina milioni 100. Andika “robbed my” kisha “stole my”, na utaona kwa macho yako ni nomino gani zinazofuata kila moja. Kutafuta kwenye Google kwa alama za nukuu kunasaidia pia, lakini usiamini idadi ya majibu, maana makosa nayo yameandikwa mara nyingi. Angalia nani ameandika.

Kwenye daftari, ipe kila jozi nusu ukurasa. Juu weka neno la Kiswahili, chini yake lile swali moja linalotenganisha, halafu sentensi mbili ambazo ukibadilishana maneno maana inabadilika, kama ile ya dirisha. Mwishoni andika sentensi yenye kosa lako mwenyewe, uikate kwa mstari. Hiyo iliyokatwa usiiache, kwa kuwa ndiyo itakayokustua siku ulimi utakapoanza kuteleza. Jozi tatu kwa wiki zinatosha. Ukiweka kumi, zitaanza kuchanganyikana zenyewe kwa zenyewe, hasa ukijifunza siku moja jozi zinazofanana kama “say” na “tell” pamoja na “ask” na “ask for”. Zirudie siku inayofuata, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, na kila unaporudia funika upande wa Kiingereza, uanze na sentensi ya Kiswahili.